Mlango wa Guru: Gurudwara Mashuhuri za Wasikh, kutoka Amritsar hadi Makindu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii humfunza mwenyeji ukarimu na papo hapo humkumbusha mgeni wajibu wake. Msafiri wa barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Mombasa anapopumzika Makindu, katika Kaunti ya Makueni, hukuta mahali ambapo ukarimu huo umegeuzwa kuwa kanuni ya ibada. Huvua viatu, hufunika kichwa, huketi, kisha huandaliwa chapati, dengu na chai. Haulizwi dini yake, wala kabila lake, wala kiasi cha fedha alicho nacho. Akishiba anaweza kwenda zake. Akipenda, anaweza pia kushika jembe la methali: kuosha vyombo, kufagia au kumenya viazi pamoja na wenyeji wake.

Wengi wa wasafiri hao hupaita mahali hapo "hekalu la Makalasinga", wakashukuru na kuendelea na safari. Jina hilo linatosha kumwelekeza dereva, lakini halitoshi kumweleza mtu ni nyumba ya namna gani aliyoingia. Makala haya yanakusudia kufafanua maana ya nyumba hiyo, ambayo wenyewe huiita gurudwara, na kuitazama historia ya baadhi ya gurudwara zilizo mashuhuri zaidi nchini India, Pakistan na hapa Kenya. Hoja kuu ni kwamba gurudwara haitambulikani kwa kuta zake bali kwa mambo mawili yanayotendeka ndani yake, yaani kusomwa kwa Kitabu na kulishwa kwa watu. Aidha, mlango wake hudaiwa kuwa wazi kwa kila mja. Historia ya gurudwara mashuhuri, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya dai hilo kutiwa majaribuni.

Jina na Kinachotajwa

Neno gurudwara limeundwa kwa sehemu mbili. Guru ni mwalimu amwongozaye mtu kutoka gizani hadi kwenye nuru. Dwara ni mlango. Hivyo basi gurudwara ni mlango wa Guru. Wafuasi wa mwanzo waliziita nyumba zao za ibada dharamsala, yaani nyumba za kutendea wema na kumtajia Mungu. Jina la gurudwara lilishika mizizi baadaye, Kitabu kitakatifu kilipokuwa ndicho kiini cha nyumba hizo.

Kitabu hicho ni Guru Granth Sahib. Mwanafunzi wa Kiswahili atalitambua neno la mwisho kwa sauti, kwa maana ndilo neno la Kiarabu lililotupatia sahibu. Kwetu sahibu ni rafiki. Kwa Wapunjab, sahib ni bwana, nalo huambatishwa kwenye jina la kitu au mahali panapoheshimiwa. Kitabu chenyewe kina kurasa 1430 za mashairi yanayoimbwa, nacho hakikukusanya tungo za walimu wa Kisikh pekee. Humo mna tungo za Sheikh Farid, aliyekuwa sufi wa Kiislamu, za Kabir aliyekuwa mfumaji, na za Ravidas ambaye kazi yake ilikuwa ya ngozi na viatu, kazi iliyodharauliwa mno katika mfumo wa matabaka ya Kihindi. Guru wa kumi, Gobind Singh, kabla ya kufariki mwaka 1708, aliagiza kwamba baada yake hapatakuwa na Guru mwingine wa mwili na damu. Kitabu ndicho kitakachokuwa Guru. Ndiyo maana Kitabu huwekwa juu ya kiti cha heshima chini ya chandarua, hupungiwa usinga kama mfalme, na usiku hulazwa katika chumba chake.

Kutokana na hayo, tofauti baina ya gurudwara na hekalu yaweza kuonekana. Katika gurudwara hamna sanamu inayoabudiwa, hamna madhabahu ya kafara, wala hamna ukoo wa makuhani ambao peke yao wanaruhusiwa kukikaribia kilicho kitakatifu. Mtu yeyote wa imani hiyo aliye na ujuzi wa kusoma, mwanamume kwa mwanamke, anaweza kukisoma Kitabu mbele ya jamaa. Wote huketi sakafuni, tajiri kwa maskini. Nje husimama mlingoti mrefu wenye bendera, kumjulisha msafiri aliye mbali kwamba hapo pana hifadhi na chakula.

Kartarpur na Goindwal: Chimbuko la Jikoni

Nanak, mwasisi wa imani hii, alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi ambacho leo ni mji wa Nankana Sahib nchini Pakistan. Baada ya safari nyingi alianzisha makazi ya Kartarpur kando ya mto Ravi. Huko aliishi kama mkulima, akilima mchana na kuimba alfajiri na jioni, hadi alipofariki mwaka 1539. Masimulizi yanaeleza kwamba Wahindu na Waislamu walizozana juu ya mwili wake, hao wakitaka kuuchoma na hawa wakitaka kuuzika. Shuka ilipofunuliwa pakakutwa maua tu, nayo yakagawanywa nusu kwa nusu. Msomaji si lazima ayachukue masimulizi hayo kama habari ya tukio. La muhimu ni kwamba gurudwara ya Kartarpur, hadi leo, ina kaburi na pia ukumbusho wa kuchomewa maiti, na wafuasi wa pande zote mbili huenda hapo kutoa heshima zao.

Ni katika makazi hayo ya mwanzo ambapo desturi ya langari ilianza. Neno hili lina asili ya Kiajemi, nalo lilitumika kwa majiko ya masufi yaliyowalisha wapita njia. Wasikh waliichukua desturi hiyo wakaifanya kuwa nguzo. Mke wa Guru wa pili, Mata Khivi, anatajwa kwa jina ndani ya Kitabu chenyewe kwa sababu ya ukarimu wa jiko lake. Ni heshima adimu, hasa ikizingatiwa kwamba maandiko mengi ya dini huwasahau wapishi.

Guru wa tatu, Amar Das, aliyeishi Goindwal, aliweka sharti kwamba atakaye kumwona sharti kwanza aketi mstarini na kula na wengine. Inasimuliwa kuwa hata mfalme Akbar wa dola ya Mughal alipomzuru alikula akiwa ameketi chini. Mtu wa leo huenda asione ajabu yoyote katika kula pamoja. Lakini katika jamii ambamo mtu wa tabaka la juu alijihesabu ametiwa unajisi kwa kula kilichoguswa na mtu wa tabaka la chini, kuketi mstari mmoja sakafuni kulikuwa ni mapinduzi yaliyofanywa kwa sahani ya dengu.

Amritsar: Nyumba ya Milango Minne

Gurudwara iliyo mashuhuri kupita zote ni Harmandir Sahib katika mji wa Amritsar, ambayo ulimwengu huijua kama Hekalu la Dhahabu. Guru wa nne, Ram Das, alianza kuchimbisha bwawa mahali hapo katika miaka ya 1570, na mji ukapata jina lake kutokana na bwawa hilo, kwani amrit ni maji ya uzima na sar ni ziwa. Mwanawe, Guru Arjan, ndiye aliyejenga nyumba ya ibada katikati ya maji. Kwa mujibu wa mapokeo, jiwe la msingi liliwekwa na Mian Mir, sufi wa Kiislamu kutoka Lahore.

Usanifu wa jengo hilo una maana yake. Kwanza, eneo lake liko chini kuliko mitaa inayolizunguka, hivyo aingiaye hushuka ngazi, ilhali katika mahekalu mengi mtu hupanda. Unyenyekevu umejengwa kwa mawe. Pili, nyumba ina milango minne inayoelekea pande zote nne, ishara kwamba hakuna upande wa dunia wala tabaka la watu lililofungiwa nje. Mwaka 1604 Guru Arjan aliweka humo nakala ya kwanza ya Kitabu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekikusanya, na mzee Baba Buddha akawa msomaji wa kwanza.

Miaka 2 tu baadaye, mwaka 1606, Guru Arjan aliuawa mjini Lahore wakati wa utawala wa mfalme Jahangir. Mwanawe, Guru Hargobind, alijenga mkabala wa Harmandir jukwaa la Akal Takht, yaani kiti cha enzi cha Asiyekufa, ambapo mambo ya jamii yangeamuliwa. Tangu hapo majengo haya mawili yametazamana, moja la sala na la pili la mamlaka. Yeyote anayetaka kuielewa historia ya baadaye ya mahali hapo hana budi kuukumbuka mtazamano huo.

Karne ya 18 ilikuwa ya misukosuko. Ahmad Shah Durrani, mtawala kutoka Afghanistan, alivamia Punjab mara kadhaa. Mwaka 1762 majeshi yake yaliilipua Harmandir kwa baruti na kulifukia bwawa. Wasikh waliifukua na kuijenga upya. Dhahabu iliyoipatia nyumba hiyo umaarufu ilikuja baadaye sana, katika utawala wa Maharaja Ranjit Singh, aliyeagiza kuta zirembwe kwa marumaru na kufunikwa kwa mabamba ya shaba yaliyopakwa dhahabu. Basi jina la Hekalu la Dhahabu ni la karne ya 19, nalo linataja ngozi ya nje. Jiko la mahali hapo ni la kale kuliko dhahabu yake, na hadi leo hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku bila malipo.

Viti Vitano vya Enzi

Akal Takht ni kimoja kati ya viti vitano vya mamlaka katika dini hii. Viti vingine vinne vinahusiana na maisha ya Guru Gobind Singh. Patna, katika jimbo la Bihar, ndiko alikozaliwa mwaka 1666. Anandpur, katika Punjab, ndiko alikoanzisha jumuiya ya Khalsa mwaka 1699, akaagiza wanaume waliopokewa humo waitwe Singh na wanawake waitwe Kaur, ili majina ya koo yaliyodhihirisha matabaka yafutike. Talwandi Sabo ndiko alikopumzika baada ya vita na kushughulikia nakala ya Kitabu. Nanded, katika jimbo la Maharashtra kusini ya mbali, ndiko alikofia mwaka 1708. Singh maana yake ni simba. Na ingawa maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sauti, simba wa Kiswahili ana asili yake ya Kibantu, na ufanano huo ni wa sadfa tu.

Mjini Delhi ipo gurudwara nyingine isiyoweza kupitwa kimya, nayo ni Sis Ganj Sahib katika mtaa wa Chandni Chowk. Hapo ndipo Guru wa tisa, Tegh Bahadur, baba yake Gobind Singh, alipokatwa kichwa mwaka 1675 kwa amri ya utawala wa Aurangzeb. Wasikh humkumbuka kuwa alikufa akitetea haki ya Wahindu wa Kashmir kufuata dini yao, dini ambayo haikuwa yake.

Nani Mwenye Mlango?

Baada ya Waingereza kuiteka Punjab mwaka 1849, gurudwara nyingi zilibaki mikononi mwa wasimamizi wa kurithi walioitwa mahanti. Baadhi yao walizigeuza mali za waqfu kuwa mali za binafsi, wakaweka sanamu ndani, na wakawazuia watu wa matabaka ya chini. Gurudwara ya Amritsar yenyewe ilisimamiwa na mtu aliyeteuliwa na serikali ya kikoloni. Mlango ulikuwa wazi kwa jina, lakini ufunguo ulikuwa kwa mwingine.

Tarehe 12 Oktoba 1920 kundi la watu wa tabaka la chini waliokuwa wamejiunga na Usikh lilikwenda Harmandir kutoa sadaka na kusali. Makasisi walikataa kuipokea sadaka yao. Baada ya mabishano iliafikiwa kwamba Kitabu kifunguliwe na shairi litakalotokea lichukuliwe kuwa hukamu. Neno hili ni ndugu wa hukumu yetu, kwani yote mawili yametoka katika Kiarabu. Kitabu kilifunguliwa, na maneno yaliyosomwa yalifahamika kuwa yanawapokea waliodharauliwa. Sadaka ikakubaliwa. Makasisi wa Akal Takht waliondoka mahali pao, na wapenda mageuzi wakashika usimamizi. Mwezi uliofuata iliundwa kamati kuu ya kusimamia gurudwara.

Mapambano yaliyofuata yaligharimu damu. Tarehe 20 Februari 1921 kundi la Wasikh lililokwenda Nankana Sahib, mahali alipozaliwa Nanak, lilishambuliwa ndani ya gurudwara na watu waliokodiwa na mahanti wa hapo. Waliouawa walizidi 100, na miili ya wengi ilichomwa moto. Baadaye mwaka huohuo serikali ilichukua funguo za hazina ya Harmandir. Baada ya maandamano na vifungo ilizirejesha Januari 1922. Katika mwaka huo wa 1922, pale Guru ka Bagh, wanaume walijitokeza siku baada ya siku kupigwa na polisi pasipo kuinua mkono. Hatimaye, mwaka 1925, ilipitishwa sheria iliyoikabidhi kamati iliyochaguliwa na Wasikh wenyewe usimamizi wa gurudwara za kihistoria za Punjab. Ndipo jibu la swali la nani mwenye mlango lilipoandikwa katika sheria kwamba ni jamii, si ukoo wala dola.

Nyufa za 1947 na 1984

Mgawanyo wa India mwaka 1947 ulichora mpaka katikati ya Punjab. Nankana Sahib na Kartarpur zikabaki Pakistan, na karibu waumini wote wakajikuta India. Kutoka upande wa India gurudwara ya Kartarpur, iliyo kilomita chache tu kutoka mpakani, iliweza kuonekana kwa darubini, na kwa miongo mingi waumini waliitazama hivyo, kama mtu anayeitazama nyumba ya mamaye kupitia dirisha asiloweza kulifungua. Tarehe 9 Novemba 2019, katika maadhimisho ya miaka 550 ya kuzaliwa kwa Nanak, ilifunguliwa njia maalumu iliyowaruhusu mahujaji kutoka India kuvuka bila viza. Njia hiyo ilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya Korona, ikafunguliwa tena Novemba 2021, kisha India ikaisitisha kwa upande wake Mei 2025 mapigano yalipozuka baina ya nchi hizo mbili. Hata mlango wa Guru, kumbe, waweza kuwa na lango la dola mbele yake.

Jeraha la 1984 ni zito zaidi. Jarnail Singh Bhindranwale na wafuasi wake waliokuwa na silaha walikuwa wamejiimarisha ndani ya eneo la Harmandir, hususan katika Akal Takht. Mwanzoni mwa Juni serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi iliamuru jeshi liwaondoe. Zilikuwa siku za kuadhimisha kifo cha Guru Arjan, na mahujaji walikuwa wengi. Vifaru vilitumika, Akal Takht ikabomoka vibaya, mamia ya watu walikufa, wakiwemo wanajeshi, wapiganaji na mahujaji, na idadi kamili ingali inabishaniwa. Maktaba ya marejeo ya Wasikh iliyokuwa humo ilishika moto, na miswada mingi ya kale ikapotea. Msomi wa fasihi ya Kiswahili, anayejua jinsi tenzi zetu zilivyohifadhiwa kwa taabu katika miswada ya hati za Kiarabu, hahitaji kuelezwa uzito wa hasara hiyo.

Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wawili wa Kisikh. Katika siku zilizofuata maelfu ya Wasikh wasiokuwa na hatia waliuawa, wengi wao mjini Delhi. Lililo la kuzingatiwa ni kilichotokea baadaye. Serikali iliikarabati Akal Takht, lakini Wasikh wengi hawakuridhia jengo lililosimamishwa na mkono uleule uliolibomoa. Kuanzia mwaka 1986 walilibomoa, wakajenga jipya kwa kazi ya kujitolea, watu wakibeba udongo na matofali kwa vichwa vyao. Kwao ukuta haukuwa na thamani isipokuwa uwe umeinuliwa na mikono ya waumini.

Makindu na Kericho

Historia hii ingalikuwa ya mbali na msomaji wa Kenya kama si reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, na waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjab. Takribani 2,500 walifariki, na kiasi cha 6,700 walibaki baada ya mikataba yao kumalizika. Miongoni mwao walikuwemo maseremala, wahunzi na waashi wa Kisikh.

Makindu ilikuwa kituo cha shughuli za reli. Kwa mujibu wa mapokeo ya jamii hiyo, wafanyakazi walianza kukusanyika chini ya mti jioni, wakaimba tenzi zao, na Wahindu na Waislamu waliofanya nao kazi wakaketi pamoja nao. Mwaka 1926 walijenga gurudwara. Hawakuwa na marumaru wala dhahabu. Walikuwa na Kitabu, jiko na mikono ya mafundi. Kwa ufafanuzi uliotangulia, hivyo vilitosha. Shughuli za reli zilipohamia kwingine na wakazi wa Kisikh kupungua, nyumba haikufa, kwa sababu barabara iliendelea kuleta wageni. Hivi leo majengo ya Makindu yana bustani na vyumba vya wasafiri, na wanaokula katika jiko lake si Wasikh tu.

Gurudwara nyingine ya Kenya iliyo na jina ni ile ya Kericho, inayomkumbuka Puran Singh, aliyefanya kazi na kuishi katika mji huo kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza katika miaka ya 1970. Huko Birmingham wafuasi wake waliunda jumuiya inayolisha watu na kuendesha shule, naye alijulikana kwa jina la Kerichowale hadi alipofariki mwaka 1983. Kiambishi wale katika lugha yao huonyesha mtu wa mahali fulani. Kwa hiyo Kerichowale ni "wa Kericho". Jina la mji wa Wakipsigis likawa sehemu ya jina la mtakatifu wa Kipunjab.

Kiswahili nacho kililipa deni hilo kwa namna yake. Maelezo yaliyoenea ni kwamba neno Kalasinga lilitokana na Kala Singh, mmoja wa Wasikh wa mwanzo kufanya biashara na jamii za bara. Jina la mtu mmoja likawa nomino ya jamii nzima, kama lilivyo pia neno Singasinga. Kubadilishana huku kwa majina kwaonyesha kwamba watu hawa wamekaa pamoja muda mrefu wa kutosha kuingiliana katika lugha, hata kama hawajaingiliana vya kutosha katika kuelewana.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuipaka historia hii rangi ya asali pekee. Gurudwara kadhaa nchini Kenya zilijengwa kwa kufuata makundi ya asili. Zile za Ramgarhia, kwa mfano, zilianzishwa na jamii ya mafundi, nazo hubeba jina hilo. Milango yake haimfungii mtu, lakini jina lililo juu ya mlango hukumbusha yale matabaka ambayo mstari wa langari ulikusudiwa kuyafuta. Imani nyingi zina pengo la namna hii baina ya lisomwalo na litendwalo, na gurudwara haiwi pungufu kwa kuwa nalo. Huwa tu nyumba ya wanadamu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba gurudwara mashuhuri hazikupata umashuhuri wake kwa uzuri wa majengo tu. Kartarpur ilianzia shambani, Goindwal mstarini mwa walao, Amritsar kwenye bwawa na milango minne, Makindu chini ya mti kando ya reli. Mara kwa mara kuta zilibomolewa, funguo zikachukuliwa na mipaka ikachorwa. Kila mara kilichorejeshwa kwanza ni Kitabu na jiko, na ukuta ukafuata.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili lipo pia jambo la lugha. Lugha yetu ina msikiti, kanisa na sinagogi, kila nyumba na jina lake lililoazimwa kutoka kwa wenyewe. Kumwita jirani wa zaidi ya miaka mia moja kwa jina la hekalu, ambalo halielezi alicho nacho ndani, ni kumwacha nje ya kamusi huku tukila chakula chake. Neno gurudwara linatamkika bila taabu, linakubali ngeli ya I-ZI, na maana yake inafasirika kwa maneno mawili tu: mlango wa Guru. Jiko la Makindu limempokea Mswahili, Mkamba, Mkikuyu na Mjaluo bila kumwuliza jina. Lugha iliyolishwa humo yaweza angalau kuliita jiko hilo, na nyumba yake, kwa jina lake.